Mama alikuwa anatembea, sasa hawezi kusimama: tumpe mazoezi au tumwache apumzike?

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 82, kwetu ni Machame. Kabla ya kuugua alikuwa anakwenda kanisani kwa miguu na kukata majani ya ng'ombe mwenyewe. Amelazwa Moshi kwa nimonia, hii ni wiki ya tatu. Siku za mwanzo alichanganyikiwa, akawa anaona watu ambao hawapo. Sasa akili imerudi karibu yote na kifua kimepona, ila hawezi kusimama, magoti yanalegea. Amekonda sana. Anatumia dawa za presha, na bado ana mpira wa mkojo. Daktari wa wodi anasema ataruhusiwa Alhamisi, na kwamba kwa umri huu tusitarajie makubwa. Kaka yangu aliye Dar anasema mama arudi nyumbani apumzike, tusimtese. Mimi nataka apate mazoezi. Mwenyewe anasema 'niacheni'. Tumsikilize nani?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuuguza. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Kwa hayo uliyoandika, mama apewe nafasi ya mazoezi, na aanze akiwa bado wodini. Sijamwona, kwa hiyo watakaompima ni wale walio naye. Nitakueleza tu ninayoyaangalia mimi katika kazi yangu ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na viungo, ili ukikaa na daktari ujue la kuuliza, na ukiongea na kaka yako mjue mnabishana juu ya nini hasa.

Kilichonifanya niseme hivyo ni yale majani ya ng'ombe. Watu wengi wakisimama kando ya kitanda cha mzee huamua kwa kile wanachokiona saa ile: mwili uliokonda, macho yaliyofumba, na umri ulioandikwa kwenye faili. Wanaona ugonjwa pamoja na wiki tatu za kulala, halafu wanauita uzee. Mimi huanza kwa kuuliza nyuma: wiki mbili kabla ya kuugua, mzee huyu alikuwa anafanya nini?

Kipimo cha udhaifu wa uzee kinachotumika sana mahospitalini, kilichotolewa na Kenneth Rockwood na wenzake kule Kanada mwaka 2005, kimejengwa juu ya swali hilohilo. Siku hizi kina ngazi 9. Ya kwanza ni mzee mwenye nguvu zake zote, ya 9 ni mtu anayekaribia mwisho wa maisha. Anayeanza kuhitaji msaada wa manunuzi na mambo ya fedha yuko ngazi ya 5, anayehitaji kusaidiwa kuoga yuko ya 6, anayetegemea watu kwa karibu kila hitaji la mwili yuko ya 7. Maelekezo yake yanataka upime hali ya mtu kabla ya ugonjwa uliomleta hospitali, usipime unavyomkuta kitandani. Kwetu huku maswali inabidi yageuzwe kidogo. Ukimuuliza bibi wa Machame habari za benki hutajua lolote juu ya nguvu zake. Uliza nani alikuwa anawasha moto asubuhi, nani anachota maji, kama anapanda ule mteremko wa kutoka barabarani bila kupumzika njiani. Kwa maelezo yako sioni namna ya kumweka mama katika ngazi inayozidi ya 4, yaani zile za wanaohitaji kusaidiwa. Na wapo wanaotumia ngazi hizi kuwafungia wazee mlango, yaani akifika ya 6 au ya 7 wanaona hakuna haja ya kuhangaika. Sikubaliani nao hata kidogo. Namba kubwa inakuambia uende taratibu na ulenge karibu, haikuambii uache.

La pili ni kasi. Nguvu zilizopotea kwa wiki tatu na nguvu zilizopotea kwa miaka mitatu hazifanani. Mtu aliyeshuka polepole, mwaka huu akaacha shamba, mwaka uliofuata akaacha kanisa, kisha akaacha kutoka nje, huyo mwili wake umekuwa ukisema jambo kwa muda mrefu. Mama yako ameanguka ghafla kutoka mahali pa juu, na walioanguka hivyo ndio mara nyingi hupanda tena.

Hapa ndipo ningependa kaka yako asome. Anaposema mama apumzike anasema kwa upendo, lakini kulala ndiko kulikomla mama miguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wazima wa afya kwa siku 10 tu, na walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wanakula vizuri na hawana homa. Mama amelala mara mbili ya siku hizo akiwa na nimonia, na pengine chakula anakionja tu. Magoti yanayolegea yana sababu inayoeleweka, na sababu hiyo inaweza kufanyiwa kazi. Misuli ya mzee haijasahau kujenga. Mwaka 1990 kule Boston, wazee 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96 walifanyishwa mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8, na nguvu zao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Na mwaka 2019 yalitoka matokeo ya Pamplona, Hispania, kwa wagonjwa 370 waliolazwa, wastani wao miaka 87. Waliopata huduma za kawaida tu walitoka hospitali wakiwa wameshuka uwezo wa kujihudumia kuliko walivyoingia, wakati waliofanyishwa mazoezi mafupi mara mbili kwa siku hawakushuka, na mwendo wao uliimarika. Nikuambie ukweli wote: wenye magonjwa ya mwisho, wenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ufahamu) kali sana, na wasioweza kutembea hata kwa kusaidiwa hawakuingizwa katika utafiti ule. Lakini mama yako hayumo katika makundi mawili ya kwanza, na kabla ya kuugua alikuwa anatembea mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipa muda mwingi kuliko zote, kwa sababu ndipo wazee wengi wanapopotezwa. Kabla ya kusema mzee hana uwezo wa kupona, tafuta kinachomzuia. Kumfanyisha mazoezi mtu mwenye kizuizi ambacho hakijaondolewa ni kusukuma gari lililovutwa handibreki. Utachoka wewe, atachoka yeye, halafu mtasema gari ni bovu.

Anza na mpira wa mkojo. Uliwekwa kwa sababu fulani siku zile za mwanzo, na pengine sababu hiyo imekwisha. Mpira unaleta maambukizi, unauma, na unamfunga mtu kitandani; hana hata sababu ya kuamka kwenda chooni, na safari ya chooni ndiyo zoezi la kwanza la mzee. Muulize nesi leo: bado unahitajika? Kama hauhitajiki utolewe hospitalini, ili aangaliwe kama anakojoa vizuri kabla hamjaondoka.

Kisha presha. Wamempima akiwa amelala, bila shaka. Omba apimwe akiwa amelala dakika 5, halafu akisimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Akishindwa kusimama, basi apimwe akiwa amekaa miguu chini. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hilo peke yake linatosha kumlegeza magoti na kumtia hofu ya kuanguka. Mama amekonda, pengine hanywi maji ya kutosha, na huenda bado anapewa dozi ileile ya presha ya wakati ana mwili wake. Msimpunguzie dawa wenyewe, ila hilo ni swali halali kabisa kwa daktari. Mwulize pia kuhusu dawa yoyote ya usingizi, ya mafua au ya mzio aliyoanzishwa wodini. Diazepamu, amitriptilini, hata piritoni, kwa mzee zinaweza kumfanya alale mchana kutwa na ayumbe akisimama.

Maumivu nayo yaangaliwe. Je, aliwahi kuteleza au kuanguka zile siku alizochanganyikiwa? Mzee anayekataa kukanyaga mguu mmoja anahitaji picha ya nyonga kabla ya mtu yeyote kumlazimisha kusimama, kwa sababu nyonga iliyovunjika inaweza kukaa siku kadhaa bila kujulikana. Akiwa na maumivu makali ya mgongo, ganzi ya miguu, au ameanza kushindwa kuzuia haja, hilo ni la daktari siku hiyohiyo. TB ya mgongo bado tunayo. Na damu yake ni kiasi gani? Uliza.

Kuna jambo la wilaya yenu ambalo nalitaja kila ninapopata nafasi. Hai ni moja ya sehemu za Afrika ambako magonjwa ya wazee yamechunguzwa nyumba kwa nyumba. Katika uchunguzi wa ugonjwa wa Parkinson uliochapishwa mwaka 2008 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani, achilia mbali kupewa dawa. Walikuwa wanatetemeka, wanakwenda hatua fupifupi, uso umekaza, na jirani wanasema ni uzee. Sisemi mama ana Parkinson. Nasema neno "uzee" limeficha magonjwa mengi yenye tiba katika vijiji vyetu, na kabla halijatumika kufunga mjadala, mtu awe amemwangalia mzee vizuri toka kichwani mpaka miguuni.

Tena yale madogo: miwani imeachwa nyumbani? Anasikia vizuri anapoambiwa "simama", au anaona midomo tu inacheza? Ana viatu vinavyoshika kisigino, au kandambili za kuogea?

Kuchanganyikiwa kwake kumewatia hofu, naelewa. Mzee akipata maambukizi makali akili inaweza kuvurugika ndani ya saa chache, na hurudi polepole, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Kumpima uwezo wa kupona katika siku zile za kuona watu wasiokuwapo ni kumwonea. Kama katika faili lake kuna mtu aliyeandika wakati huo kwamba hafuati maelekezo, omba apimwe upya sasa. Hata angekuwa na demensia, hiyo pekee isingetosha kumnyima. Wapo wasiokumbuka jina langu wala jana tulifanya nini, lakini ukisimama mbele yao ukainuka, nao wanainuka.

Na lile "niacheni"? Liheshimiwe, lakini liulizwe. Linaweza kuwa na maana ya "naogopa nitaanguka", au "naumwa", au "nimechoka kuwasumbua wanangu". Linaweza kuwa huzuni ya ugonjwa, ambayo nayo ina tiba. Na linaweza kuwa uamuzi wa mtu mzima aliyefikiri. Kaa naye saa ambayo hakuna mtu wa koti jeupe, umuulize: mama, ukirudi nyumbani ni jambo gani moja ungependa kulifanya mwenyewe? Mara chache sana nimesikia "kutembea". Wanasema kwenda chooni bila kushikwa na mkwe, au kukaa jikoni. Likishatamkwa, mazoezi yote yaelekezwe huko.

Nikueleze sasa ninavyofanya nikimfikia mzee kama mama kwa mara ya kwanza. Nashusha kitanda, maana vingi vya wodini viko juu, na mama mfupi akikaa pembeni miguu inaning'inia. Hata kijana angeogopa. Kisiposhuka natafuta kiti imara chenye mikono. Nasubiri dakika mbili tatu akiwa amekaa, namwangalia usoni kama anapauka au anatoka jasho. Naangalia mikono. Anajishikilia godoro kwa mikono miwili, au mkono mmoja umeachia ukavuta kanga kujifunika magoti? Huyo aliyevuta kanga amenipa habari njema sana: kiwiliwili kinajishika chenyewe, na bado anajali anavyoonekana. Kisha nampa maelekezo mafupi, moja moja. Rudisha miguu nyuma. Inama mbele, pua ije juu ya vidole vya miguu. Haya, nyanyuka. Niko ubavuni kwake, mkono wangu mmoja mgongoni. Siku hiyo hata asiponyanyuka sihukumu. Naweka kiganja juu ya paja kuona kama msuli unakaza, halafu namwacha apumzike, tunajaribu tena. Ninachokitafuta ni tofauti kati ya jaribio la kwanza na la tatu, na zaidi ya yote kesho yake: nikimwambia asimame, je, anarudisha miguu nyuma kabla sijamwambia? Akifanya hivyo amejifunza, na anayejifunza tunaendelea naye hata kama bado anahitaji watu wawili kumnyanyua.

Kwa hiyo usimwombe mtu yeyote akuambie kwa kumtazama mara moja kama mama atapona. Hakuna anayeweza, hata mimi. Omba ajaribiwe kwa wiki mbili, akiwa ameondolewa vizuizi, kwa lengo linalojulikana, kisha mkae muangalie. Lengo la kwanza liwe dogo: kukaa kwenye kiti kwa kila mlo, na kusimama kwa msaada wa mtu mmoja. Nunua daftari. Kila siku andikeni alisimama mara ngapi, kwa msaada wa watu wangapi, alikaa kitini muda gani, alikula nini. Baada ya wiki mbili daftari litawaambia wewe na kaka yako jambo moja, na ugomvi utapungua.

Nimetaja chakula, na sitaki kipite hivihivi, kwa sababu mazoezi bila chakula yanammaliza mtu. Mzee anayetoka katika ugonjwa anahitaji protini takribani gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Akiwa na kilo 50 ni gramu 60 hadi 75. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Mtori mnaomletea ni mzuri na unashuka kirahisi, lakini mara nyingi ndizi zinakuwa nyingi na nyama ni ya kunusia. Isagwe humo ndani, nyingi, na maziwa yaongezwe. Uji wa asubuhi upigwe na yai au maziwa. Ale kidogo mara nyingi, akiwa amekaa wima. Kama ana tatizo la figo, kiasi hicho mwulize daktari kwanza.

Wapo ambao singewashauri njia hii, na nisipowataja nitakuwa nimekudanganya. Mzee mwenye saratani iliyosambaa au moyo uliochoka kabisa, ambaye kila tukijaribu kumkalisha anaishiwa pumzi na halali usiku kwa uchovu. Mzee aliyekuwa hatoki kitandani kwa miaka kabla ya ugonjwa huu. Aliyejaribiwa vizuri kwa wiki mbili bila dalili yoyote. Aliyesema hataki, akiwa na akili zake timamu na hana maumivu wala huzuni inayomsemea. Hao tunawabadilishia lengo: wakae vizuri wanapokula wasipaliwe, wageuzwe kila saa mbili wasipate vidonda, viungo visikauke, na anayewauguza afundishwe kunyanyua bila kujiumiza mgongo. Nayo ni huduma ya utengamao, yaani ya kumrudishia au kumtunzia mgonjwa uwezo wake, na inahitaji ujuzi uleule.

Mama akifanya vizuri, sehemu kubwa ya kazi itafanyika nyumbani, na nyumbani hapakatai fiziotherapia. Kabla ya Alhamisi mtu apime kitanda chake: akikaa pembeni, nyayo ziguse chini na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kama choo ni cha shimo cha kuchuchumaa, fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu na mahali pa kushika. Huwezi kumwomba mtu asiyeweza kuinuka kitini achuchumae. Taa ya usiku iwepo njiani. Awe na fremu ya kutembelea iliyokatwa kwa kimo chake, isiwe iliyoazimwa kwa jirani mrefu. Na muamue mapema nani atakaa naye mchana, kwa sababu mara nyingi mazoezi ya nyumbani hufa kwa kukosa mtu, mzee mwenyewe akiwa anataka.

Kuhusu gharama, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bure kwa sera ya nchi, ila inabidi atambuliwe. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali ukiwa na barua ya serikali ya kijiji. Fiziotherapia hospitali ya KCMC pale Moshi wanayo, na wanaifundisha. Kama kumshusha Moshi mara kwa mara ni mzigo, omba mpango wa mara moja kwa wiki, na siku nyingine yule atakayekaa naye afanye alichofundishwa. Afundishwe kwa kufanya yeye mwenyewe mbele ya mtaalamu. Karatasi yenye michoro haitoshi.

Kabla hujatia saini karatasi ya kuruhusiwa, pata majibu haya: presha akisimama ni ngapi, mpira unatolewa lini, dawa zipi zimepunguzwa, damu ni kiasi gani, na nani wa fiziotherapia amemsimamisha na akaona nini. Kama hakuna aliyemsimamisha bado, mwombe daktari kwa heshima aandike rufaa ya fiziotherapia leo, na kama haiwezekani kabla ya Alhamisi, aahirishe siku moja au mbili. Akishafika nyumbani, homa ikirudi, akianza tena kuchanganyikiwa, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akianguka, asisubiri siku ya kliniki; mrudisheni siku hiyohiyo.